Mguu Unasemaje?

Tangu nipasuliwe mgongo, haupiti mwezi bila mtu kunijia na bahasha. Ni zile bahasha kubwa za hospitali zenye picha nyeusi ndani, na mwenyewe huja ameibana kwapani kama hati ya kiwanja chenye kesi. Wengi ni madereva wenzangu. Wengine ni mafundi ujenzi, mama lishe, walimu, watu ambao sijawahi kuwaona, wameelekezwa tu: nenda kwa yule mzee wa Maili Moja, yeye alishapasuliwa na anatembea. Wanakaa, wanashusha pumzi, wanauliza: "Kaka, na mimi nikapasuliwe?"

Mimi si daktari. Nimeendesha malori miaka kumi na tisa, Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka Zambia, na picha zile siwezi kuzisoma. Lakini liko swali moja nililofundishwa kwa gharama kubwa, na kila anayekuja namuuliza hilo kabla bahasha haijafunguliwa: mguu unasemaje?

Wengine huudhika kidogo. Wamekuja na mgongo, mimi nauliza mguu. Basi nawasimulia.

Mgongo wangu ulianza mwaka 2011, Ruaha Mbuyuni, saa tisa usiku. Tairi la tela lilipasuka, na joto la bonde lile, wanaolijua wanalijua, halipoi hata usiku wa manane. Tukashusha tairi la akiba mimi na utingo wangu. Nililiinua nikiwa nimejipinda ubavu, nikasikia kitu kiunoni kikilia kama kijiti kikavu. Sikuanguka. Nilibaki nimeinama vilevile, mikono imeshika tairi, siwezi kwenda juu wala kurudi chini, mpaka utingo akanishika makwapa akanilaza kwenye turubai. Kulipokucha nilipanda mlima wa Kitonga nikiendesha mwenyewe, na kila kona nilikuwa natoa machozi.

Baada ya wiki tatu maumivu yaliondoka. Nikasahau. Yakarudi baada ya miezi minne, yakaondoka, yakarudi. Mwaka wa tatu hayakuwa yanaondoka tena, yalikuwa yanapungua tu.

Kuanzia Mlandizi mpaka Tunduma nilijua kila duka la dawa linalofungua usiku. Diklofenaki asubuhi, diklofenaki jioni, mara nyingi kabla ya chakula, na sindano ya tako kila nilipoona safari ni ndefu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na gari la mtu. Siku moja, Makambako, niliona choo changu ni cheusi kama lami. Sikuelewa maana yake mpaka niliposimama dirishani kulipia chai nikaanguka. Vidonda vya tumbo vilikuwa vinavuja damu. Nikaongezewa damu chupa mbili kwa ajili ya ugonjwa ambao sikuwa nao mpaka nilipojitafutia mwenyewe kwa dawa za maumivu. Kwa hiyo anayekuja kwangu akaniambia anangojea mgongo upoe huku anameza vidonge vile kila siku mwaka wa pili, namwambia aache kuniuliza habari ya kisu kwanza, aende akaonwe tumbo.

Nilikandwa pia. Kuna bibi mmoja Mlandizi anayekanda kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, mikono yake ni myepesi, na usiku wa siku aliyonikanda nililala. Namshukuru mpaka leo. Kuna mwingine, kijana, alinilaza kifudifudi akanipanda mgongoni kwa miguu yake miwili, akisema anarudisha pingili mahali pake. Huyo alinilaza siku tisa.

Mwaka 2015 nikapigwa MRI. Ripoti iliandikwa Kiingereza, ukurasa mzima, na nilichoambiwa ni kwamba pingili zimesagika na diski zimetokeza sehemu mbili. Nikaipeleka kwa daktari wa kwanza. Aliishika picha akaielekeza dirishani penye mwanga, akaitazama, akaniambia hapa hakuna njia nyingine ila upasuaji, nijipange wiki ijayo. Sidhani kama tulimaliza dakika saba. Nami nilitoka mle nikiwa na furaha. Nasema kweli, nilifurahi. Miaka minne watu walikuwa wananiambia ni uchovu, ni figo, ni umri, ni jicho la mtu. Huyu alinipa jina la ugonjwa na siku ya kuumaliza. Nilianza kutafuta mteja wa kiwanja changu cha Visiga jioni ileile.

Aliyenizuia ni dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi. Nilimpigia simu kumpa habari njema. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja.

"Daktari alikushika mguu?"

"Mguu wa nini, dada? Mimi naumwa mgongo."

"Alikushika mguu au hakukushika?"

"Hakunishika."

"Basi kiwanja usiuze."

Alinitafutia daktari mwingine, kwenye hospitali ya rufaa, na huyo ndiye aliyenifungua macho. Bahasha aliiweka pembeni. Alianza na maswali ambayo sikuyategemea: Unapata homa za jioni? Jasho la usiku? Umepungua uzito? Nyumbani kuna mtu anakohoa muda mrefu? Alikuwa anatafuta kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nchi yetu, alisema, mgongo wowote unaouma kwa miezi lazima uulizwe hilo kwanza, maana kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Kinakula pingili mpaka zinaporomoka, na dawa yake kubwa ni vidonge vya miezi mingi, kisu baadaye kama kitahitajika. Daktari wa Kiingereza, Percivall Pott, aliandika habari za kibiongo kile mwaka 1779, na ugonjwa ukabaki na jina lake. Nikatolewa damu. Nilikuwa mzima upande huo.

Kisha akanivua viatu. Akanilaza chali, akaunyanyua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akiniangalia usoni. Akagonga magoti na nyuma ya visigino kwa kinyundo cha mpira. Akapitisha pamba juu ya miguu yangu yote miwili, akiuliza kama naisikia sawasawa. Akaniambia nitembee kwa visigino, vidole vikiwa juu, mpaka mlangoni, nirudi kwa ncha za vidole. Akaniuliza habari ya mkojo na haja kubwa bila kuona haya, nami nikaona haya nikajibu.

Mwisho akasema: "Mzee wangu, chukulia maumivu yako yote ni shilingi mia. Mgongo unachukua ngapi, mguu unachukua ngapi?"

Nikafikiri. "Mgongo themanini. Mguu ishirini, tena hayavuki goti."

"Basi leo sikupasui."

Nilitaka kubishana. Nikamwonyesha ripoti. Ndipo akanieleza jambo ambalo laiti lingebandikwa kwenye kuta za vyumba vya kungojea. Mwaka 1994, Marekani, madaktari waliwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa wanaumwa mgongo hata kidogo. Waliokutwa na diski zote zilizo safi hawakufika wanne kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyovimba sehemu moja au zaidi, na walikuwa wanakwenda kazini na kurudi kama kawaida. Picha peke yake, alisema, haiwezi kukupeleka kwenye meza ya upasuaji. Kinachokupeleka ni picha na mguu kusema jambo moja.

Akachora. Pingili mbili, na katikati yake diski kama andazi lenye ute ndani. Nyuma ya diski unapita mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Andazi likipasuka, ute hutoka ukaubana mshipa, na mtu husikia moto mpaka kwenye vidole vya mguu ingawa mguu wenyewe hauna kidonda wala jeraha. Jambo hili halikujulikana vizuri mpaka mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipoandika kwamba vinyama walivyokuwa wanavitoa kwenye migongo ya watu, wakidhani ni uvimbe, vilikuwa vipande vya diski. Tangu siku hizo upasuaji wa diski ni upasuaji wa kuukomboa mshipa. Humsaidia sana anayeumwa mguu. Anayeumwa mgongo mtupu, bila mguu, humsaidia kidogo au humwacha alivyokuwa, na ameshakatwa.

Nikarudi nyumbani na kiwanja changu.

Sitaki mtu adhani kwamba nilikwenda kukaa. Nilipangiwa mazoezi na mtaalamu wa viungo, binti mdogo wa miaka ishirini na kitu ambaye hakuwa na huruma. Kulala kifudifudi juu ya mkeka, kuinuka kwa viwiko, kushuka, mara kumi, asubuhi na jioni. Kukaza tumbo. Kutembea: kwanza dakika kumi, kisha ishirini, mpaka nikawa natoka Maili Moja kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi jua likichomoza. Safarini niliweka kitenge cha mke wangu kilichokunjwa nyuma ya kiuno, na kila baada ya saa mbili nilishuka nikauzunguka mzigo hata kama mwenye gari alikuwa analalamika kwenye simu. Kunyanyua tairi nikamwachia utingo na jeki. Kilo kumi na moja zikaondoka. Mwezi wa tatu yale themanini yalikuwa hamsini. Baada ya mwaka yalikuwa kama ishirini na tano, na ishirini na tano mtu anaweza kuishi nayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Walio wengi sana hawatahitaji kisu kamwe. Mimi miaka ile miwili na nusu nilikuwa mmoja wao, na kama ningepasuliwa 2015 naamini leo ningekuwa ninawasimulia watu kwamba upasuaji hausaidii.

Aprili 2018, nikiwa kwenye foleni ya forodha Tunduma, nilipiga chafya.

Chafya tu. Kitu kikachomoka kiunoni, kikashuka takoni, ubavuni mwa paja, nje ya kigimbi, juu ya wayo, kikaishia kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Ajabu ni kwamba mgongo wenyewe ulitulia. Ule mguu ulikuwa kama bomba lililofunguliwa maji ya moto. Sikuweza kukaa, nilirudi Dar es Salaam nimelala kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, mwenzangu anaendesha, kila tuta nikiuma kanga.

"Shilingi mia?" akauliza daktari.

"Mguu tisini na tano."

Nilidhani atasema twende. Akasema tungoje, na safari hii alinionyesha mpaka wa kungoja. Kipande cha diski kilichotoka, alieleza, mara nyingi mwili wenyewe hukila pole pole kikasinyaa. Uholanzi walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa mguu namna yangu kwa wiki sita mpaka kumi na mbili. Wakawagawa kwa kura: kundi moja lipasuliwe mapema, jingine lingoje, na atakayeshindwa kuvumilia apasuliwe. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa sawa, watu 95 kati ya mia wakisema wamepona. Katika wale wangojaji, karibu wanne kati ya kumi walilazimika kupasuliwa njiani. Na waliokuwa wameishiwa nguvu kabisa mguuni hawakuingizwa kwenye utafiti ule, maana hao kungoja kwao ni habari nyingine.

"Kwa hiyo," akasema, "kama ni maumivu tu, swali ni lako, si langu. Unaweza kuvumilia kwa muda gani, na nani atakulisha wakati unavumilia."

Akaandika tarehe kwenye kadi. Wiki sita. Halafu akaipindua kadi ile, akaandika nyuma yake kwa kalamu nyekundu mambo ambayo hayangoji tarehe. Mguu ukiishiwa nguvu. Ganzi ikishika zile sehemu zinazogusa tandiko unapopanda baiskeli. Mkojo ukiziba, au ukitoka bila wewe kuwa na habari, au haja kubwa vivyo hivyo. Hayo ya mkojo na ganzi ya tandiko, alisema, ni ya siku ileile na saa ileile, hata kama ni usiku wa Idi, kwa sababu mishipa yote ya chini inakuwa imekabwa kwa pamoja na ikichelewa hairudi.

Kadi ile niliiweka kwenye fremu ya kioo. Niliisoma kila asubuhi. Na bado.

Wiki ya nne, siku ya Jumamosi, nilitoka getini kwenda dukani. Maumivu yalikuwa yamepungua, nikajiona nimeanza kupona. Nikasikia mtoto wa jirani anaita nyuma yangu: "Baba mkubwa! Baba mkubwa, umeacha ndala!"

Nikageuka. Ndala ya kushoto ilikuwa pale getini, hatua kama kumi na tano nyuma, imelala chali kwenye mchanga. Nikautazama mguu wangu. Ulikuwa peku, una vumbi mpaka kifundoni, na changarawe moja imenasa chini ya kidole. Sikuwa nimesikia ndala ikitoka. Sikuwa nimesikia changarawe.

Mtoto akaniletea, akainama akanivalisha, nikamshukuru nikaenda dukani.

Zilipita siku kumi na moja. Hizo ndizo ninazotaka msomaji azishike kuliko utafiti wote niliotaja, kwa kuwa zilikuwa siku zangu na nilizipoteza mwenyewe. Nilijiambia ndala zimechakaa, nikanunua mpya. Mke wangu akaniuliza mbona natembea nikipiga sakafu, pa, pa, kama nimevaa kiatu cha mtu mwingine. Nikamwambia ni uvivu wa kukaa nyumbani. Na kilichonidanganya zaidi ni kwamba maumivu yalikuwa yanapungua kweli. Miaka saba nilikuwa nimeufuata uchungu kama dira: ukizidi naumwa, ukipungua napona. Sikujua kwamba mshipa unaokufa unaweza kunyamaza.

Siku ya kumi sikwenda hospitali. Nilikwenda Mlandizi kwa bibi. Alinilaza, akapaka mafuta, akashika kigimbi cha kushoto, akashika cha kulia, akarudi cha kushoto. Akafuta mikono yake kwa kanga.

"Mjukuu wangu, mguu huu ni mwembamba kuliko mwenzake. Mimi nakanda nyama. Hii si nyama. Nenda kwa waliokuandikia ile kadi."

Hela yangu akairudisha.

Kesho yake daktari aliniambia nitembee kwa visigino. Wa kulia ulikwenda. Wa kushoto vidole vilikuwa vinashuka vyenyewe kama bendera isiyo na upepo. Akanikalisha kitandani, akaweka kidole chake kimoja, kile cha shahada, juu ya kidole gumba cha mguu wangu. "Nyanyua." Nilinyanyua kwa mwili mzima. Meno yalikaza, mabega yakapanda, jasho likanitoka. Kidole kikatulia palepale.

"Ilianza lini?"

Nilipomjibu hakunigombeza. Aliandika tu, kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko neno lolote. Kisha akasema sasa ushauri wake umebadilika. Kupasua hakutanihakikishia nguvu za mguu. Kutaupa mshipa nafasi ya kupumua, na kadiri tunavyokawia nafasi inapungua. Nikaongee na watu wangu usiku huo.

Tukakaa sebuleni: mke wangu, dada, mwanangu mkubwa, na baba mdogo aliyekuja kutoka Chalinze kwa basi la mwisho. Baba mdogo hakuzunguka. "Mwanangu, mgongo haupasuliwi. Wote waliopasuliwa mgongo wamepooza. Mimi namjua mtu."

Kila familia ina mtu huyo, na hofu ile si ya kuchekwa. Dada yangu alimuuliza kwa adabu zote: "Baba, huyo mtu kabla ya kupasuliwa alikuwaje?" Baba mdogo akakumbuka. Alikuwa hatembei vizuri. Mkojo ulikuwa umeziba. Alikaa kwa mganga siku kama kumi na mbili, wakamtoa wakampeleka hospitali, akapasuliwa, hakuinuka tena. Aliposema hivyo alinyamaza mwenyewe. Mtu yule alikuwa ameshapooza kabla ya kufika mezani. Kisu ndicho watu walichokiona mwisho, kikabeba lawama yote.

Dada akaendelea. Uti wenyewe, ile kamba kubwa ya fahamu, huishia juu ya kiuno, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Huko chini ninakoumwa mimi, kati ya pingili ya nne na ya tano, ni mshipa mmoja mmoja, yote ikining'inia kama mkia wa farasi. Kupooza kwa kupasuliwa hapo ni nadra sana, ila si kusema hakuna hatari. Kidonda kinaweza kuingia usaha. Ngozi inayofunika mishipa inaweza kuchanika ikavuja maji. Diski inaweza kutoka tena baadaye, na kuna watu inawatokea. Alisema yote, na nilipenda kwamba alisema yote mbele ya baba mdogo.

Mke wangu ndiye aliyefunga mjadala. Hakunitazama mimi, alitazama ndala mpya zilizokuwa mlangoni. "Maumivu nilikuwa tayari kuyauguza miaka mingine kumi," alisema. "Mguu sitaki uende."

Baba mdogo akaomba maji ya kutawadha.

Habari ya upasuaji wenyewe ni fupi. Nilifunga kula tangu usiku, nikasaini fomu ya ridhaa, sista akanichora mshale kwa kalamu upande wa kushoto wa mgongo na kuniuliza mara tatu kama ndio upande wenyewe. Nusu kaputi ikanichukua nikiwa nahesabu. Nilipoamka jambo la kwanza nililosikia lilikuwa kutokusikia: ule moto wa mguu haukuwepo. Mgongo uliuma, uchungu wa kidonda, lakini mguu ulikuwa umetulia, nikalia mbele ya wodi nzima. Siku iliyofuata nilisimamishwa nikatembea mpaka dirishani. Kovu langu halifiki urefu wa kidole changu cha kati.

Nguvu zilirudi polepole mno. Mwezi wa pili wayo ulianza kunyanyuka. Mwezi wa sita niliacha kupiga sakafu. Kidole gumba hakikurudi chote. Leo nikikinyanyua kinapanda nusu ya mwenzake, na sehemu ya ngozi juu ya wayo, upana kama wa noti ya elfu, haina habari na dunia. Daktari hakuniambia kwamba ni kwa sababu ya siku kumi na moja. Alisema haiwezi kujulikana. Mimi ninalala nalo.

Masafa marefu niliacha. Sasa napanga ratiba za magari ya mtu, natembea asubuhi, mkeka wangu bado uko chini ya kitanda.

Na siwaambii watu wote jibu moja. Mwaka jana alikuja mama mmoja fundi cherehani, mguu ukimuwaka moto lakini una nguvu zake zote, visigino anavitembelea vizuri. Ana binti anayeweza kumshikia duka. Aliamua kungoja na kadi yake yenye tarehe, na mwezi wa tano akapona bila kuguswa. Kuna dereva, rafiki yangu wa karibu, mguu wake pia ulikuwa na nguvu, lakini asipoendesha nyumbani hawali, na wiki ya nane alikwishauza pikipiki na kuingia madeni. Yeye alichagua kupasuliwa, akarudi kazini mapema. Wote wawili niliwaona wameamua vizuri. Walikuwa na muda wa kuchagua kwa sababu mguu ulikuwa bado unawaruhusu.

Juzi Jumapili amekuja kijana mmoja. Namjua tangu akiwa utingo wangu. Ndiye aliyenilaza kwenye turubai Ruaha Mbuyuni usiku ule. Sasa ana gari lake, na bahasha. Akasema, "Shikamoo mzee. Naona nafuu wiki hii, maumivu yamepungua, ila nimesema nipite unishauri." Akaanza kuifungua. Nikaichukua nikaiweka mezani, nikamwambia avue viatu.

Alicheka, akavua. Nikamwonyesha: kwa visigino, vidole juu, kutoka barazani hadi kwenye mwembe na kurudi. Akaenda. Aliporudi nikamwambia arudie. Safari ya pili nilitazama mguu wa kulia peke yake.

Nikaingia ndani kuchukua funguo za gari.